Dirisha la Viazi Karai Mjini Portland

Mara kwa mara hunipigia simu mtu wa nyumbani, pengine yuko Mombasa, pengine ameshahamia Texas au Ohio, akitaka nimweleze namna ya kufungua gari la chakula Marekani. Swali lake la kwanza huwa lile lile: Wamarekani wanapenda kula nini? Nami humwuliza: maji utayatoa wapi, na maji machafu utayamwaga wapi? Wapo wanaodhani nawazungusha ili nisitoe siri. Sina siri. Nimeuza viazi karai, mahamri na mbaazi za nazi mjini Portland, jimbo la Oregon, kwa miaka kadhaa sasa, na ninachokijua ni kwamba mapishi mtu wa pwani huja nayo tayari. Asichokuja nacho ni watu wanaomjua.

Mama yangu aliuza viazi karai na mihogo barazani kwetu Kibokoni, Mombasa, jioni, baada ya swala ya alasiri. Hakuwa na leseni iliyotundikwa, wala hakuna aliyemwuliza. Alijulikana. Aliyekula kwake alijua yeye ni binti wa nani, ameolewa na nani, maji anachota wapi na mafuta yake anayabadilisha lini. Lau angemwumiza mtu tumbo, habari ingefika msikitini kabla ya isha. Hiyo ndiyo iliyokuwa leseni yake, na ilikuwa kali. Ugenini hayo yote hayapo. Unasimama dirishani na jina ambalo watu hawawezi kulitamka, unampa mpita njia kitu cha manjano ambacho hajapata kukiona, naye anatakiwa akitie kinywani. Kwa nini akuamini? Kazi yote ya gari la chakula katika nchi ya watu, kwa nilivyoiona mimi, ni kulijibu swali hilo kila siku, kwa kila anayesimama mbele yako.

Nilifika Marekani kwa bahati nasibu ya Green Card, ambayo Wakenya wengi wanaijua. Nalitaja hilo kwa ajili ya anayetaka kunifuata. Sheria ya Marekani haimkatazi mgeni kusajili kampuni, lakini kumiliki kampuni ni jambo moja, na kusimama ndani yake ukakaanga ni jambo jingine. Kwa hilo la pili unahitaji idhini ya kufanya kazi. Namjua mtu aliyekuja kwa viza ya matembezi, akanunua trela kwa akiba ya ukoo mzima, kisha asiweze kuligusa karai lake mwenyewe. Huniuma kila nikimkumbuka, maana waliomuuzia walijua na hawakumwambia.

Kwanza nilifanya kazi katika jiko la hoteli. Siku za mapumziko nilikwenda kula katikati ya mji, makutano ya barabara ya Alder na ya 10, ambako vibanda vya chakula vilizunguka uwanja mzima wa kuegesha magari. Portland si mji wa magari yanayozurura kutafuta wateja. Vibanda vingi ni trela zilizoegeshwa pamoja kwenye kiwanja kimoja, kila mwenye trela akilipa kodi kwa mwezi, na watu huja kula kwa miguu. Kwa hiyo wengi wetu tunachokiita gari hakina hata injini. Anayeniuliza humwambia anunue trela, aachane na lori: injini ikifa, jiko zima linakwenda gereji nalo.

Pale Alder nilijifunza jambo ambalo sikulisahau. Nong Poonsukwattana, mwanamke aliyetoka Bangkok, alifungua kibanda chake hapo mwaka 2009 akauza chakula kimoja tu: kuku wa kuchemshwa, wali uliopikwa kwa supu ya yule kuku, na mchuzi wa soya iliyochachushwa, tangawizi na pilipili. Basi. Ukifika dirishani ulikuwa huna la kuchagua. Nilikaa nikitazama foleni yake na kuwaza. Mtu asiyekujua hawezi kukujua kwa vyakula kumi na viwili. Kwa kimoja anaweza. Akikipenda atarudi, atamleta mwenzake, na atakueleza kwa maneno mawili: yule mama wa kuku na wali.

Nilipotangaza nia yangu kwa jamaa na marafiki, kila mtu alileta ushauri wake. Uza pilau. Uza biriani, Wamarekani wanawajua Wahindi. Tia samaki wa kupaka. Usisahau urojo. Kila mmoja alikuwa akinitajia chakula alichokitamani yeye, na sikumlaumu mtu, maana ugenini tamaa ya chakula cha nyumbani ni maradhi yasiyo na daktari. Lakini mkaguzi wa afya wa kaunti yetu ya Multnomah haulizi unatamani nini. Oregon imegawa vibanda vya magurudumu katika madaraja manne. La 1 huuza vilivyofungwa tayari. La 2 huweza kupakua vilivyoandaliwa kwingine, lakini haliandai wala halipiki. La 3 hupika, ila halipiki nyama, samaki wala mayai mabichi. La 4 ndilo jiko kamili. Kila ukipanda daraja, vifaa vinaongezeka, na gharama pia.

Nikaketi na karatasi, nikapiga hesabu ya chakula chetu kwa madaraja hayo. Viazi karai: viazi vya kuchemsha, rojo la unga, manjano na chumvi, mafuta. Hamna nyama. Mahamri: unga, hamira, sukari, tui, hiliki. Hamna nyama. Mbaazi za nazi: hamna nyama. Chakula cha asubuhi cha Mombasa nzima, pamoja na cha jioni cha barazani, kinaingia katika daraja la 3 bila kuhangaika. Mishkaki ikangoja. Sikuona kwamba nimenyimwa kitu. Niliona sheria imenisaidia kuchagua, nikampigia simu mama kumweleza. Akaniambia, “Mwanangu, chakula cha maskini ndicho kinachosafiri.” Akaniagiza nisipunguze manjano.

Sasa maji. Kabla hujajenga wala kununua, unapeleka mchoro wa jiko lako kaunti, nao wanausoma. Wanataka kuona tangi la maji safi, na tangi la maji machafu ambalo lazima liwe kubwa kuliko la kwanza, ili yasije yakafurika na kumwagika chini. Wanataka sinki la vyombo lenye sehemu tatu: kuosha, kusuuza, kuua vijidudu. Na sinki jingine la mikono peke yake, ambalo huruhusiwi hata kusuuzia kijiko. Ukishayatia hayo yote katika trela, unatazama nafasi iliyobaki na ndipo unapofahamu kwamba menyu yako imeandikwa na fundi bomba. Kila chakula unachokiongeza ni sufuria ya kuoshwa, na kila sufuria ni maji ya tangi. Pilau na biriani na samaki wa kupaka kwa pamoja zingenimalizia maji kabla ya adhuhuri. Ndiyo maana naanza na swali la maji, na aliyewahi kuteka maji kwa mkokoteni Mombasa siku za mgao hunielewa upesi kuliko wenzake.

Kipo pia kitu ambacho wengi hawakijui mpaka wamefika: trela haitoshi. Unatakiwa uwe na jiko la msingi, lenye leseni, la kuandalia na kuhifadhia chakula na kuoshea vyombo, kama trela yako haiwezi kubeba hayo yote yenyewe. Nyumbani kwako hairuhusiwi. Nilikodi saa za alfajiri katika jiko la pamoja, na humo nilikutana na wenzangu: Mmeksiko wa tamale, Mhabeshi wa injera, bwana mmoja wa Vietnam aliyekata vitunguu kwa kasi ya kutisha. Walinifundisha mengi kuliko kitabu chochote. Duka gani linauza mbaazi kavu nzima, ni la Wahindi. Mhogo uliomenywa na kugandishwa, ni la Walatino. Ukwaju wa kipande na tui zito, ni maduka ya Waasia ya barabara ya 82. Mbaazi zenyewe Walatino wanazo pia, wanaziita gandules, lakini za mkebe hazinywi tui kama za kuchemsha mwenyewe.

Hizo mbaazi ndizo zilizonifikirisha zaidi. Kwetu hupikwa usiku, zikalala jikoni zimefunikwa, asubuhi zikatiwa tui na kuliwa na mahamri ya moto. Sheria ya chakula ya Marekani huitazama sufuria hiyo kwa jicho jingine. Chakula kilichopikwa ama kikae moto, nyuzi 57 za Selsiasi kwenda juu, ama kikae baridi, nyuzi 5 kwenda chini. Na ukikipoza, kishuke kutoka 57 hadi 21 ndani ya saa 2, kisha kifike 5 ndani ya saa 4 zinazofuata. Mara ya kwanza kusikia hesabu hizo nilidhani ni mambo ya ofisini. Kisha nikachomeka kipimajoto katikati ya sufuria ya mbaazi iliyokwisha kupoa kwa nje, unaigusa kwa kiganja bila tabu. Ndani ilikuwa ingali moto wa kuunguza ulimi. Rojo zito halitoi joto. Na katika uvuguvugu huo wa polepole ndimo inamozaana bakteria iitwayo Clostridium perfringens, ambayo mbegu zake haziuawi na kuchemsha. Inapenda hasa nyama na kunde zilizopikwa kwa wingi na kuachwa zipoe zenyewe. Sufuria ndogo ya nyumbani, iliyopikwa kwa watu sita na kuliwa mapema, si hali moja na sufuria ya kulisha mtaa.

Basi nikaja na utaratibu wangu. Mbaazi zinachemka na chumvi na kitunguu tu, tui nimelitenga. Zikiiva nazimwaga katika trei pana za chuma, kina cha vidole viwili, trei zikakaa juu ya barafu. Nakoroga taratibu kwa chupa safi iliyojaa maji yaliyoganda, huku nikipima na kuandika saa na joto kwenye daftari. Zikishuka naziingiza kwenye friji bila kuzifunika mpaka zimekuwa baridi kabisa. Alfajiri nazipasha hadi nyuzi 74, natia tui, pilipili mbichi nzima isiyopasuliwa, na manjano kidogo. Lililonishangaza ni kwamba zikawa nzuri zaidi. Mbaazi iliyopozwa upesi haiendelei kuiva kwa joto lake yenyewe, kwa hiyo hubaki nzima, na tui hulikuta ganda limeiva bila kupasuka. Mkaguzi huja bila kuarifu. Siku alipokuja akaomba daftari, akasoma kurasa, akachomeka kipimajoto chake mahali nilipochomeka changu. Hakunisifu, si kazi yake. Lakini alipoondoka nilihisi jambo ambalo mama yangu alilipata kwa kuzaliwa Kibokoni: kuna mtu katika mji huu anayejua maji yangu natoa wapi.

Pesa nazo zilipitia njia hiyo hiyo ya kujulikana. Benki ilitaka historia ya madeni ambayo mgeni hana, na mimi riba siitaki. Nikaenda Kiva. Shirika hili lilianza mwaka 2005 kwa mikopo midogo ya wafanyabiashara wa Tororo, Uganda, na baadaye likaanza kukopesha Marekani kwenyewe bila riba, hadi dola 15,000. Masharti yake yalinigusa. Kabla ombi lako halijawekwa mbele ya watu wote, kwanza lazima watu unaowajua wewe wakukopeshe, hata dola 25 kila mmoja. Yaani wasiokujua wanatazama kama wanaokujua wanakuamini. Wakanikopesha wenzangu wa hotelini, wanawake wa chama chetu cha Wakenya, imamu, na yule Mvietnam wa vitunguu. Nilipoona majina yao yamepangana kwenye skrini nililia.

Dirishani sasa. Anayeona viazi karai mara ya kwanza huuliza kama ni samaki, au kama ni yai. Simjibu kwa maneno mengi. Nakitoa kimoja kwenye mafuta, nakiacha kitulie, nakipasua kwa kisu aone ndani: ganda jembamba la manjano linalovunjika, kisha kiazi cheupe kinachotoa mvuke. Namwaga ukwaju juu yake, nampa kwenye karatasi. Ukwaju wangu nauloweka usiku, nauchuja, nauchemsha na sukari kidogo, bizari nzima iliyokaangwa na pilipili. Akishakitafuna hicho kimoja, ama ananunua ama anashukuru na kwenda zake, na wengi hununua. Hicho kiazi cha kuonja sikuwahi kukihesabu kuwa hasara.

Kuna wanaonishauri nitie viungo vyetu ndani ya baga ili wenyeji wavielewe, na hunitajia Roy Choi, aliyeshiriki kuanzisha gari la chakula la Kogi mjini Los Angeles mwaka 2008 kwa kutia nyama ya Kikorea ndani ya taco za Kimeksiko. Namheshimu sana. Lakini Choi, ingawa amezaliwa Seoul, amekulia kusini mwa California. Wakorea na Wameksiko ni majirani zake, na chakula kile ni cha mtaa wake. Mimi nikichanganya bila kuujua mtaa ninaochanganyia, nitatoa kitu ambacho hakina mwenyewe. Kwa hiyo hiliki ya mahamri imebaki ile ile ya soko la Marikiti, Mombasa, na mbaazi zina tui zito. Pilipili tu ndiyo naiweka kando kwenye kichupa, na hata Mombasa wapo wasioila.

Wenzetu walikuja bila kuitwa. Portland ina Wakongo, Warundi, Wanyarwanda na Wasomali wengi. Asubuhi moja alisimama mzee wa Kikongo, akasikia nikizungumza kwenye simu, akangoja nimalize, kisha akasema, “Mama, basi munaongea Kiswahili.” Kiswahili chake cha Bukavu na changu cha Mombasa vilitazamana kidogo, kisha vikapatana. Akaomba sombe, yaani kisamvu, sikuwa nacho. Akala mbaazi. Jumamosi iliyofuata alikuja na watu wa kanisani kwake. Sikumpa bei ya jamaa, na naona hilo ni jambo la kusemwa wazi, kwa sababu wengi wetu tunaanguka hapo: ukiuza kwa bei mbili, mmoja atajua, na imani inakwisha kwa wote. Oregon haina kodi ya mauzo, hivyo bei iliyoandikwa ubaoni ndiyo anayolipa mteja, Mkongo kwa Mmarekani.

Hali ya hewa ni bosi mwingine. Mvua ya Portland huanza vuli na kukaa miezi, si ya kishindo kama ya masika kwetu, ni manyunyu ya kutwa, na watu hawatoki ofisini kuja kula wamesimama. Miezi hiyo wenye vibanda wengi hufungua siku wanazotaka. Mimi hufungua siku zile zile na saa zile zile, hata kama nitauza mahamri machache kwa madereva wa teksi. Nimeona kwamba mteja aliyekuta dirisha limefungwa mara mbili harudi mara ya tatu, wala hatakwambia. Siku niliyofunga kwa hiari yangu ni Juni 28, 2021, joto lilipopita nyuzi 46 mjini. Ndani ya trela yenye karai la mafuta hakukaliki kwa joto hilo.

Na kiwanja si chako. Juni 2019 pale Alder, kwenye kile kiwanja nilichojifunzia, vibanda zaidi ya 50 viliondolewa ili jumba refu lijengwe. Watu waliokuwa wamejulikana mahali pale kwa miaka walilazimika kwenda kutafuta pa kuegesha. Mwenye kibanda aliyehama na wateja wake ni yule ambaye wateja walijua jina lake na chakula chake, si kona yake tu. Kwa hiyo mkataba wa kiwanja usome wote: notisi ni ya siku ngapi, umeme analipa nani, maji machafu nani anayanyonya na kwa bei gani. Mwenye kiwanja asiyetaka kukuandikia hayo, mwache.

Kodi ya serikali nayo hutolewa kwa vipande, Aprili, Juni, Septemba na Januari, na aliyejiajiri hulipa asilimia 15.3 ya hifadhi ya jamii na matibabu ya uzeeni, mbali na kodi ya mapato. Tenga pesa hizo kila jioni kabla ya kuhesabu faida. Sina zaidi ya kusema juu ya hilo, ila kwamba vibanda vingi vyenye chakula kizuri nimeviona vikifungwa mwezi wa Aprili.

Sasa nina daraja la 4, na mishkaki ipo Ijumaa na Jumamosi, ya nyama ya halali, na daftari la pili la joto. Anayenisaidia dirishani ni binti wa Kirundi aliyekulia kambini Tanzania, mwepesi wa hesabu na mwenye subira na wateja kuliko mimi. Anataka kibanda chake: nyama ya kuchoma ya Bujumbura na ndizi za kukaanga, hivyo viwili tu. Juzi aliniletea mchoro wake, ameupima kwa futi na kuuchora kwa rula. Sinki la mikono alikuwa ameliweka mlangoni, mbali na meza ya nyama mbichi. Nimemwambia alisogeze liwe hatua moja kutoka kwenye meza, kwa sababu lililo mbali halitumiki saa za foleni. Tangi la maji machafu amelichora kubwa vya kutosha. Wiki ijayo anaupeleka kaunti, nami nimeshamwahidi dola zangu 25 za kwanza.